Farasi anavyowasaidia walemavu kunyoosha viungo

Ukimwambia mkazi wa Nairobi kwamba kuna mahali ambapo mtu asiyeweza kusimama kwa miguu yake hupandishwa mgongoni mwa farasi kwa ajili ya afya yake, huenda akadhani unamfanyia mzaha. Kwetu farasi ni wa polisi, wa mashindano ya pale Ngong siku ya Jumapili, au wa tajiri fulani wa Karen. Mgonjwa naye ni wa kitandani, na mlemavu ni wa kukaa nyumbani aletewe chakula. Ndivyo wengi wetu tulivyolelewa.

Leo, mpenzi msomaji, nataka tusafiri pamoja hadi kaskazini magharibi mwa Uingereza, katika sehemu ya milima na maziwa inayojulikana kama Lake District. Nina sababu mbili. Kwanza, huko kuna shirika la hisani ambalo kwa zaidi ya miaka 40 limekuwa likiwatoa walemavu nje ya nyumba na kuwapeleka majini, miambani na juu ya farasi. Pili, kila mara makala au filamu kuhusu jambo hili inapotokea, wazazi huja kwangu wakiuliza wampeleke mtoto wapi na watoe pesa ngapi. Swali hilo linahitaji jibu la kweli, kwa maana wapo wanaokaribia kuuza shamba kwa ajili ya tumaini.

Shirika lenyewe linaitwa Lake District Calvert Trust. Lilianza kupokea wageni mwaka 1978 katika shamba la Little Crosthwaite, chini ya safu ya mlima Skiddaw wenye kimo cha mita 931, karibu na ziwa Bassenthwaite. Shabaha yake ilikuwa nyepesi kuieleza lakini ngumu kuitekeleza: mtu mwenye ulemavu asipelekwe milimani kutazama wengine wakicheza, bali acheze yeye mwenyewe. Aliyepooza miguu avalishwe mikanda na kupanda mwamba kwa kamba. Kipofu apige kasia. Mtoto ambaye shingo yake haijakaa sawasawa akalishwe juu ya farasi. Kituo cha pili kilifunguliwa mwaka 1984 huko Kielder, Northumberland, kando ya bwawa kubwa kuliko yote yaliyochimbwa na binadamu nchini Uingereza, na cha tatu mwaka 1996 huko Exmoor katika jimbo la Devon.

Kwa miaka mingi farasi wa kituo kile cha kwanza walifugwa Old Windebrowe, nyumba kuukuu ya shambani iliyo kando ya mji mdogo wa Keswick. Si nyumba ya kawaida, na hadithi yake inamhusu daktari kama inavyomhusu mwanahistoria.

Kijana aliyekufa kwa kifua kikuu

Mnamo mwaka 1794 nyumba hiyo ilikuwa mikononi mwa William Calvert, ambaye aliwaazima rafiki yake wa shule na dada yake wakae humo kwa wiki kadhaa. Rafiki huyo alikuwa William Wordsworth, wakati huo kijana wa miaka 24 asiye na kazi wala fedha, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa washairi wakubwa wa Kiingereza. Dada mtu alikuwa Dorothy. Calvert alikuwa na ndugu mdogo aliyeitwa Raisley, naye Raisley alikuwa akikohoa.

Ulikuwa ni ugonjwa wa kifua kikuu. Wordsworth alimuuguza kijana huyo kwa miezi kadhaa, na Januari mwaka 1795 Raisley akafariki akiwa bado na umri wa miaka ya ishirini na kitu. Katika wasia wake alimwachia muuguzi wake pauni 900, pesa ambazo zilimwezesha Wordsworth kuendelea kuandika bila kutafuta kibarua. Jina la shirika ninalolizungumzia latokana na ukoo huo wa Calvert.

Sasa fikiria daktari wa siku hizo angemfanyia nini Raisley. Hakukuwa na dawa hata moja. Robert Koch hakukitambua kijidudu cha kifua kikuu mpaka mwaka 1882, na dawa ya kwanza ya kukiua, streptomaisini, ilipatikana katika miaka ya 1940. Daktari angemwambia anywe maziwa, avute hewa safi na, usishangae, apande farasi. Thomas Sydenham, daktari Mwingereza aliyefariki mwaka 1689 na ambaye wengine humwita baba wa udaktari wa nchi hiyo, aliwasisitizia wagonjwa wake wa kifua kikuu wapande farasi kila siku. Aliamini kwamba dawa hiyo iliuweza ugonjwa huo kama vile gome la mkwinini lilivyoiweza homa ya malaria.

Sydenham alikosea. Farasi haponyi kifua kikuu, na mgonjwa aliyekuwa akitoka damu mapafuni hakuhitaji kutikiswa. Leo kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa vidonge vya miezi sita, na katika hospitali za serikali hapa Kenya dawa hizo hutolewa bure, kwa hivyo yeyote mwenye kikohozi kilichopita wiki mbili aende akapimwe leo badala ya kumaliza makala hii.

Nimemtaja daktari huyo wa kale kwa sababu kosa lake lingali hai. Kuna tofauti kubwa kati ya kitu kinachoponya na kitu kinachosaidia. Farasi ni wa kundi la pili, na mtu akikuambia vinginevyo ushikilie mkoba wako.

Kiuno kinavyofundishwa

Farasi basi anasaidia vipi? Jibu liko kiunoni.

Mtu mzima mwenye afya anapotembea, kiuno chake hakiendi mbele tu. Hupanda na kushuka, huyumba upande hadi upande, na hujizungusha kidogo kila mguu unapopiga hatua. Hatuhisi hayo kwa sababu tumeyazoea tangu utotoni. Mtoto ambaye hajawahi kutembea hajapata kamwe kuyahisi, na ubongo hauwezi kujifunza mwendo ambao mwili haujaupitia.

Farasi anayetembea polepole humtikisa mpandaji kwa namna inayofanana sana na hiyo: mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, pamoja na ule mzunguko mdogo. Hupiga karibu hatua 100 kwa dakika. Katika nusu saa, basi, kiuno cha mtoto huyo kimetikiswa mara 3,000 hivi, tena kwa mpigo usiobadilika. Hakuna mtaalamu wa viungo, hata awe na mikono ya chuma, awezaye kufanya hivyo. Na kila hatua humlazimisha mtoto kujirudisha katikati ili asianguke. Misuli ya tumbo, mgongo na shingo hufanya kazi bila yeye kuambiwa "jinyooshe". Aulizwapo amefanya nini, atasema amepanda farasi. Hatasema amefanya mazoezi.

La pili ni joto. Mwili wa farasi una joto la takriban nyuzi 38, yaani kiasi kidogo kuliko yetu kwenda juu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo wa aina ile inayokaza misuli huwa na mapaja yanayobanana hadi miguu ikapishana kama mkasi, na mama anayembadilisha nepi anaijua shida hiyo kuliko daktari yeyote. Akiketishwa akipanua miguu juu ya mgongo wenye joto, unaotikisika taratibu, misuli hiyo huanza kulegea. Ndiyo maana mara nyingine waelekezi hawaweki tandiko gumu bali blanketi nene tu.

Na la tatu halipimwi kwa chombo chochote. Mtu aliyetumia maisha yake yote akiwaangalia wenzake kutoka chini, kutoka kwenye kiti cha magurudumu, kwa mara ya kwanza huwaangalia kutoka juu. Wala sioni haya kulitia jambo hilo katika ukurasa wa afya.

Ni vyema kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa. Kuna tiba inayofanywa na mtaalamu wa viungo mwenye leseni ambaye humtumia farasi kama chombo chake, akiwa na shabaha maalum kwa kila mgonjwa. Halafu kuna upandaji wa kawaida uliorekebishwa ili mlemavu aweze kushiriki, ambao ni michezo na burudani. Mashirika mengi ya hisani, likiwemo hili la Calvert, yalisimama zaidi upande huu wa pili. Yote mawili yana faida, ila usilipie bei ya la kwanza ukapewa la pili.

Mwanamke wa Denmark

Anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeifungua njia hii ni mwanamke wa Denmark, Lis Hartel. Alikuwa mpanda farasi hodari alipopata ugonjwa wa polio mwaka 1944, akiwa na umri wa miaka 23 na mja mzito. Polio ilimwacha akiwa amepooza chini ya magoti. Alirudi kwenye farasi kinyume cha matarajio ya wengi, akajifunza kumwongoza kwa uzito wa mwili na mgongo badala ya miguu.

Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wanaume katika mchezo wa kumwongoza farasi kwa madaha. Hartel, juu ya farasi wake Jubilee, alinyakua nishani ya fedha. Ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka, na mshindi wa dhahabu, Henri Saint Cyr wa Sweden, alimsaidia kufika jukwaani. Miaka minne baadaye alichukua fedha tena, safari hii mjini Stockholm, kwa kuwa Australia iliyoandaa Olimpiki ya mwaka 1956 ilikataa farasi wa kigeni kuingia nchini humo kwa hofu ya magonjwa.

Baada ya hapo mambo yalienea haraka. Mwaka 1969 lilianzishwa nchini Uingereza shirika la kitaifa la kuwapandisha walemavu farasi, Riding for the Disabled Association, ambalo Binti Mfalme Anne amekuwa mlezi wake tangu mwaka 1971. Tangu Atlanta mwaka 1996, mchezo wa farasi umekuwa na nafasi ya kudumu katika Olimpiki ya walemavu.

Utafiti unasema nini

Hapa naomba uvumilivu wako kidogo, kwa sababu hapa ndipo matangazo ya biashara hunyamaza.

Tafiti kuhusu watoto wenye mtindio wa ubongo zipo nyingi, lakini nyingi ni ndogo, zenye watoto kumi, ishirini au thelathini. Kwa jumla zinaonyesha kwamba mtoto hukaa kwa uthabiti zaidi, huishika shingo yake vizuri zaidi, na baadhi huboresha namna wanavyosimama na kutembea. Faida hizo ni za wastani. Hazionyeshi kwamba mtoto ambaye ubongo wake uliharibika vibaya ataamka siku moja na kutembea kwenda shule. Isitoshe, huwezi kumficha mzazi kama mwanawe alipanda farasi au la, kwa hivyo matumaini yake huingia katika majibu anayotoa.

Kuhusu usonji kuna uchunguzi ninaoupenda kwa uaminifu wake. Mwaka 2015 watafiti wa Colorado, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto na vijana zaidi ya 100 waliogawanywa makundi mawili kwa wiki 10. Kundi moja lilipanda farasi. Jingine lilikwenda zizi lile lile, likafundishwa mambo yale yale kuhusu farasi, lakini likitumia sanamu ya farasi. Waliopanda farasi wa kweli walipungukiwa na hasira na kuhangaika, wakatamka maneno mengi zaidi. Kwa hiyo si safari ya kwenda shambani peke yake iliyoleta tofauti. Farasi mwenyewe ana lake.

Lakini na safari nayo isidharauliwe. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania waliopasuliwa kutolewa kifuko cha nyongo. Nusu walilazwa vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti, nusu vyumba ambavyo dirisha lilitazama ukuta wa matofali. Wa miti walirudi nyumbani baada ya wastani wa siku 7.96, wa ukuta baada ya siku 8.70, na wale wa miti waliomba dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Kama kuona mti tu kupitia kioo kuna athari hiyo, nakuachia wewe ufikirie hali ya kijana aliyefungiwa chumba cha nyuma huko Kayole kwa miaka 12 asiione hata anga.

Mwaka 2021, katika nyumba ile ile ya Old Windebrowe, ilianzishwa huduma ya kuwarekebisha watu walioumia ubongo, wengi wa aina hii wakiwa ni majeruhi wa ajali na wagonjwa wa kiharusi. Wazo lilikuwa kuchanganya tiba za kawaida za viungo, usemi na akili na shughuli za nje kama vile kutembea milimani na kutunza farasi. Mtu aliyeumia ubongo hupoteza uwezo wa kupanga mambo hatua kwa hatua. Unaweza kumfundisha hilo kwa karatasi na kalamu mezani, au ukampa farasi apigwe brashi, alishwe na kutandikwa kwa utaratibu usioweza kurukwa. Tandiko likitangulia kabla ya blanketi, farasi mwenyewe atakujulisha. Nikiwaza idadi ya vijana wa bodaboda wanaolazwa katika hospitali zetu na vichwa vilivyopasuka, kisha wanaruhusiwa kwenda nyumbani pasipo mpango wowote zaidi ya vidonge vya kifafa, naona hapo tuna jambo la kuiga hata bila farasi.

Si wa kila mtu

Farasi ana uzito wa kilo 400 au 500 na akili zake mwenyewe. Anayeanguka kutoka mgongoni mwake kichwa chake huanguka kutoka kimo cha zaidi ya mita mbili. Kofia ngumu haina mjadala, hata kwa picha ya dakika moja. Katika vituo vinavyojiheshimu kila mpandaji mlemavu huwa na watu watatu: mmoja anashika hatamu mbele na wawili wanatembea ubavuni, mmoja kila upande. Hupandishwa kutoka kwenye jukwaa lenye mteremko wa kiti cha magurudumu, habebwi juu juu kama gunia.

Wapo wasiofaa kabisa kupandishwa, au wasiofaa mpaka wapimwe. Mtoto mwenye hali ya Down huweza kuwa na mifupa miwili ya juu ya shingo isiyoshikana imara. Mtikisiko ukiisogeza, uti wa mgongo hubanwa na mtoto anaweza kupooza. Lazima achunguzwe na daktari kwanza. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa asipande. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye nyonga yake imeteguka, jambo la kawaida kuliko wazazi wanavyodhani, huumizwa na kule kupanua mapaja. Mgongo uliopinda sana, mifupa dhaifu inayovunjika ovyo, damu isiyoganda, au mtu anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, hao wote wamwone daktari. Aliyepooza na kupoteza hisia asipande akiwa na kidonda cha matakoni, na akishuka akaguliwe ngozi, kwa maana hatasikia akichubuka. Wenye pumu hushtuliwa na nywele za farasi na vumbi la nyasi kavu.

Pia usisahau pepopunda. Viini vyake hukaa katika udongo na kinyesi cha farasi. Hakikisha chanjo ya mtoto imekamilika, nawe uliyechanjwa mara ya mwisho ukiwa shule ya msingi upate nyongeza.

Sisi wa Kenya tufanyeje

Farasi kwetu ni ghali, na si kwa sababu ya ubahili wa wenye mazizi. Upo ugonjwa wa virusi unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na wadudu wadogo wanaouma, ambao huua farasi wengi wanaoambukizwa. Punda milia hubeba virusi hivyo bila kuugua sana, ndiyo maana wao wamejaa mbugani na farasi lazima achanjwe na kulindwa. Gharama hiyo humfikia anayekodi. Karibu na Nairobi zipo shule za kupanda farasi, na ufuoni Pwani wapo farasi na ngamia wa kukodishwa kwa wageni, lakini yule kijana anayemwongoza ngamia wa picha hajafunzwa kumshika mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Usimkabidhi.

Punda je? Swali hili niliulizwa na mzee mmoja kutoka Lamu na si la kuchekwa. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro visivyopitisha gari na punda ndiye lori lake. Shirika la Uingereza linalowatibu punda hao kisiwani humo tangu mwaka 1987, Donkey Sanctuary, liliasisiwa na Elisabeth Svendsen, na mama huyo huyo alianzisha kwao huduma ya kuwapandisha watoto walemavu punda. Kwa hiyo jambo lenyewe limewahi kufanyika. Punda mpole, aliyeshiba na asiye na majeraha ya mizigo, huku watu wazima watatu wakiwa wamemzunguka, anaweza kumbeba mtoto mdogo. Mtoto mkubwa asibebeshwe punda, na punda aliyetoka kubeba matofali asubuhi nzima naye ana haki zake.

Mahali petu pa kale pana kasoro nyingine. Fort Jesus ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na magofu ya Gede karibu na Malindi ni sehemu zinazompendeza mtoto yeyote. Lakini anayetumia kiti cha magurudumu hukutana na ngazi, mawe yasiyolingana na mizizi ya miti. Siku hizi ipo njia iliyosawazishwa hadi juu ya kilima cha Latrigg, kile kilicho nyuma ya Windebrowe, ili kiti cha magurudumu kipite. Haikuhitaji daktari. Ilihitaji changarawe na mtu mwenye nia.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa namna hii nyumbani, na hasa yule ambaye mtoto wake alichelewa kulia alipozaliwa, au aliugua manjano makali, homa ya uti wa mgongo au malaria ya ubongo, na sasa hakai wala hasimami, kazi haianzi kwa farasi. Mpeleke kliniki ya mtaalamu wa viungo katika hospitali ya kaunti. Chama cha walemavu wa viungo nchini, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, hutoa huduma hizo pia pamoja na viti na vifaa vya kuegemea. Kwa upande wa elimu kuna vituo vya kuwapima watoto ili kujua shule inayowafaa, ambavyo vilianzishwa na wizara ya elimu mwaka 1984. Daima endelea na dawa za kifafa. Mama akiacha dawa ili kulipia farasi, atakuwa ameuza paa anunue pazia.

Ukishaonyeshwa na mtaalamu, mengi ya yale farasi anayoyafanya unaweza kuyafanya kwako. Kunja blanketi likawa kama gogo nene, mketishe mtoto juu yake akipanua miguu, ukiwa nyuma umemshika nyonga, si kwapa, na umyumbishe polepole kushoto na kulia huku mkiimba. Paja la baba ni farasi mzuri sana, nalo halihitaji chanjo. Mwanzo dakika tano zatosha. Fanyeni hayo nje, chini ya mti, majirani wakiona. Akiwa na nyonga inayolia au anayepiga kelele kila mapaja yanapopanuliwa, simama na umrudishe kliniki apigwe picha ya eksirei.

Na kama una uwezo na ungependa kujaribu farasi, nenda zizini siku moja bila mtoto. Uliza ni nani atakayemshika mtoto ubavuni na amefunzwa wapi. Uliza kama wamewahi kumpandisha mtoto mwenye hali kama ya wako, kama wanayo jukwaa la kupandia na kofia ya kipimo chake, na watafanya nini akipatwa na degedege akiwa juu. Muombe mwenye zizi amwite farasi mwenyewe atakayetumika, usimame kando yake dakika kumi huku gari likipita na mlango ukibamizwa. Mwenye zizi mzuri atakuitisha barua ya daktari kabla hujamaliza maswali yako. Asiyeitisha barua hiyo, mshukuru kwa chai na urudi zako nyumbani.